Mjadala: Vipimo vya maji ya Mto Mara vibandikwe mwaloni, vya siku njema na vya siku mbaya?

Mleta mada

Wakuu, masika yakikaribia moyo wangu unarudi Machi 2022. Maji ya Mto Mara huku kwetu Tanzania, kuelekea daraja la Kirumi, yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakaelea. Serikali ikazuia uvuvi na matumizi ya maji, ikaunda kamati ya wataalamu. Mwezi ule ule kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe kwenye ardhioevu, pamoja na mimea iliyooza, vikamaliza oksijeni majini. Wengi hawakukubali. Macho yao yalikuwa kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, maana hawajasahau 2009 uliposhutumiwa kuchafua Mto Tigithe, wala 2019 pale NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilipoutoza faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu, yale mabaki yenye kemikali za kuchenjulia dhahabu.

Ubishi wa ng'ombe au mgodi hauishi mpaka leo, na sababu naiona moja: sisi wananchi hatukuwa na namba za Januari wala Februari za kuzilinganisha na zile za Machi. Mgonjwa usiyejua joto lake la kawaida, utajuaje homa imeanza lini?

Hoja yangu ni kwamba maji ya mto yapimwe mwaka mzima, na majibu yabandikwe pale pale mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki, hata wiki ambayo hakuna kitu. Anayepinga aseme.

Mtu wa Maabara

Mkuu, napinga nusu. Miaka kumi nashika chupa za sampuli, na nakuambia namba tupu inaweza kuua soko kuliko sumu yenyewe. Chukua oksijeni. Mimea ya majini huitoa mchana na kuitumia usiku. Ukipima saa kumi na mbili asubuhi kwenye mafunjo utapata kiwango cha chini, ukirudi saa nane mchana kimepanda. Mto ni ule ule, haujachafuliwa na mtu. Sasa bandika ile ya asubuhi bila kuandika saa, uone taharuki.

Pia tuache kucheka maelezo ya kinyesi. Kuna utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu Mara hii hii upande wa Kenya. Viboko zaidi ya 4,000 wanajisaidia kwenye madimbwi, mvua kubwa ikija inasomba ule uozo wote mara moja, oksijeni inashuka, samaki wanakufa. Ni mambo ya asili na yamepimwa. Kinyesi kingi kinaua.

Pendekezo langu: majibu yahakikiwe kwanza, yatoke kila baada ya miezi mitatu.

Muuza Samaki, Musoma

Miezi mitatu, mdogo wangu? Samaki wangu anakaa siku mbili.

Ile Machi nilikuwa na sato ndoo mbili, wa ziwani, mbali na mto. Wateja walikuwa wanafunua matamvua, wananusa, wanasema "hawa si wa Mara?" wanaondoka. Jioni nikawamwaga. Nilienda ofisi moja kuomba karatasi inayosema maji ya upande wetu yana nini, nikaambiwa majibu si ya kupewa kila mtu. Mimi niliyepata hasara ndiye kila mtu? Ningekuwa na karatasi ukutani ningewaonyesha wateja.

Mfugaji

Nakazia alichosema mama. Sisi tuliitwa wauaji wa samaki bila hata siku moja mtu kuja kupima pale ng'ombe wangu wanapokunywa. Babu yangu alinywesha hapo. Ng'ombe wameongezeka, hilo sikatai, na kiangazi wote tunasogea mtoni kwa sababu malisho mengine yamekwisha. Lakini nionyesheni maji ya juu yangu na ya chini yangu siku moja. Yakitofautiana, nitahama.

Mleta mada

Mfugaji umeniwahi. Kupima juu na chini ya kila mtuhumiwa, siku ile ile, ndiyo haki yenyewe. Juu na chini ya mgodi, ya sehemu za wachenjuaji dhahabu wadogo wanaotumia zebaki, ya zizi, ya mji.

Mtu wa Maabara, nakubali kinyesi kinaua. Lakini wavuvi wana elimu ambayo kamati ikija wiki moja baadaye haiikuti. Kambare na kamongo wanapumua hewa ya juu; maji yakikosa oksijeni, sangara na ningu wanatangulia kufa, kamongo anabaki. Ukiona mpaka kambare na kamongo wanageuka matumbo, tafuta kitu kingine zaidi ya oksijeni. Nimewauliza wenzangu nani aliandika aina za samaki walioelea na siku yake. Kimya. Ushahidi ule uliliwa na korongo.

Na sumu nazo hazifanani. Sayanaidi, ile ya kuchenjulia dhahabu migodini, inaweza kuua asubuhi, kisha jua, hewa na maji yanayotembea vikaipunguza, ukichota baada ya siku kadhaa usione kitu ukatangaza mto ni salama. Zebaki ni kinyume chake. Inaweza isionekane kwenye maji, kumbe imetulia kwenye tope la chini, vijidudu vinaigeuza kuwa ya hatari zaidi, inapanda kwa samaki wadogo, kisha wakubwa wanaowala, mpaka kwenye sahani ya mjamzito. Kwa hiyo chupa ya maji peke yake haitoshi. Tope lipimwe, minofu na ini la samaki pia. Hata mabuu ya wadudu chini ya mawe yahesabiwe. Hao hawahami wakati wa ukaguzi, na wale wapenda maji safi wakitoweka unajua mto umeumwa kwa wiki nyingi.

Tukutane njiani. Oksijeni, pH (kipimo cha uchachu wa maji) na chumvi vibandikwe kila wiki pamoja na saa ya kupimia. Zebaki na metali nyingine zisubiri uhakiki, ila tarehe ya kutoka ijulikane. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua haki ya mwananchi kupata taarifa za mazingira, hatuombi fadhila. Na Kenya wawemo. Mto unaanzia msitu wa Mau huko kwao, tuna makubaliano nao ya 2015 kuhusu bonde hili. Mimi wa chini siwezi kulinda maji ambayo namba zake za juu sizioni.

Mtu wa Maabara

Nimesogea. Saa ya kupimia ikiandikwa, na juu na chini vikipimwa siku moja, nakubali kubandika. Kinachobaki ni siku samaki wanapoelea. Mtu wa mwaloni lazima achote saa hiyo hiyo, chupa safi, ya sayanaidi iwe na dawa ya kuihifadhi tuliyoiweka mapema, isipigwe jua. Na samaki asigandishwe, awekwe kwenye barafu mpaka atufikie. Nimepokea wengi walioozea njiani, hakuna cha kupima. Barafu mnaitoa wapi huko saa kumi na moja alfajiri?

Muuza Samaki, Musoma

Saa kumi na moja? Saa hiyo ndipo napokea mzigo, ndoo nne za barafu kila siku ya Mungu. Leteni hizo chupa.