Ulinzi shirikishi mtaani: tuajiri walinzi au tupange zamu?

Nyumba ya Kona
Wakuu, habari za jioni. Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dar, kaya kama 140, nyumba nyingi hazina uzio na vichochoro vya ndani ni giza tupu. Wizi wa ngoeko (kuvuta vitu kupitia dirishani kwa mti wenye ndoano), wa betri za pikipiki na wa dira za maji umezidi. Kuna wanaotaka kila kaya ichange 3,000 kwa mwezi tuajiri walinzi wanne, wengine wanataka tulinde wenyewe kwa zamu. Hesabu hiyo inatosha? Na mlinzi wa mtaa akimkamata mtu, mamlaka yake yanaishia wapi? Naomba kuwasilisha.

Karani wa Mtaa
Haitoshi. Kaya 140 mara 3,000 ni 420,000 kwenye karatasi. Kwa hali ya kawaida panga bajeti kwa asilimia 70 ya walipaji, yaani 294,000. Walinzi wanne mkiwalipa 150,000 kila mmoja ni 600,000. Mwezi wa pili mtakuwa na deni, wa tatu mlinzi analala saa saba, na hamna mdomo wa kumlaumu kwa sababu hamjamlipa.

Changanyeni. Ajirini wawili wa kudumu kwa mchango wa 3,000 (ni 300,000, mtapungukiwa 6,000 tu) na muongeze zamu. Tuseme kaya 90 zina mtu wa kutoa: mkitoka 6 kila usiku, mtu anaamka mara moja kila siku 15. Hilo linavumilika. Asiyeweza kutoka, iwe kazi, ugonjwa au nyumba ya mama mjane, akubaliane na kamati mapema, atoe mbadala au asamehewe. Jambo hilo lisipoandikwa ndilo litakaloleta ugomvi wa kwanza.

Msianze barabarani kabla ya kuanza kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Pitisheni kwa muhtasari wenye mahudhurio na sahihi: kiwango cha mchango, majina ya kamati, saa za ulinzi. Nakala moja kwa mtendaji wa mtaa, nyingine kwa polisi kata, pamoja na orodha ya walinzi, picha na namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA). Doria ya polisi ikikutana na watu sita wenye marungu saa tisa usiku bila taarifa hiyo, watakaolala rumande ni walinzi wenu.

Fedha: risiti zenye namba mfululizo, mweka hazina asiwe mwenyekiti, na mapato na matumizi yabandikwe ofisini kila mwezi. Vikundi vingi vya ulinzi havijauliwa na wezi, vimeuliwa na daftari la michango.

Zamu ya Saa Nane
Naongezea kwenye kukamata, maana hapo ndipo watu wanapoharibu.

Mwananchi anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hata sungusungu, walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, sheria ilipowatambua mwaka 1989 haikuwapa mamlaka ya mahakama. Kwa hiyo hakuna kuhoji, hakuna kumpiga, hakuna kumtoza faini, hakuna kumfungia ofisi ya mtaa hadi asubuhi. Akifa mikononi mwenu ni kesi ya mauaji, na "wananchi wenye hasira kali" si jina la mtu: watatafutwa waliokuwepo, na orodha ya zamu inawataja.

Utaratibu: piga 112 au kituo cha karibu papo hapo. Watu wawili wamshike, wengine wageukie umati kuuzuia. Kielelezo, kwa mfano dira iliyong'olewa, kisipitishwe mkono kwa mkono. Mtu mmoja akishike na ndiye atakayekipeleka. Andikeni saa, mahali, nani aliona nini kwa macho yake. Mwenye mali aende kituoni akafungue jalada na kupata RB (namba ya taarifa yake polisi). Asipokwenda, mtuhumiwa anarudi mtaani, halafu mnasema polisi wamemwachia.

Doria yenyewe: saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, nguvu kubwa iwe saa nane hadi saa kumi. Watatu watembee, watatu wakae njia panda. Njia na muda vibadilike kila usiku. Ukipita saa nane kamili siku zote, umempa mwizi ratiba. Kila mmoja tochi, filimbi na fulana ya kuakisi mwanga. Filimbi ndefu moja "tupo salama", fupi tatu "njooni", mfululizo bila kukoma "moto". Msitumie ishara zaidi ya hizo, usingizini hakuna anayekumbuka tano.

Fundi Geti
Mimi sioni kwa nini mnaanza na walinzi. Ngoeko ni kazi ya dirisha. Mwizi anapasua wavu, anaingiza mti wenye ndoano, anavuta suruali yenye simu. Kitanda na meza zisikae chini ya dirisha, basi nusu ya kazi imekwisha bila senti.

Grili: nondo ya milimita 12, nafasi isizidi sentimita 10, na miguu yake izamishwe ukutani wakati wa kujenga. Iliyofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya mbao inang'olewa kwa jeki. Ila chumba cha kulala kiwe na grili moja yenye bawaba na kufuli ndani, funguo ining'inie mahali watoto wanapofahamu. Moto ukizuka mlangoni, grili isiyofunguka inawafungia ndani. Mlango unaofungukia nje, bawaba zake ziko nje pia: chomelea ncha za pini, la sivyo kufuli lako la bei ni pambo.

Taa za sola: usiamini "200W" ya kwenye boksi. Angalia ukubwa wa paneli. Ifunge mita 4 juu, mbali na kivuli cha mwarobaini, na ufute vumbi kila wiki mbili. Zinazozimika saa saba usiku huenda ni paneli chafu, isafishe kwanza kabla ya kubadilisha betri. Anzeni na kona na njia panda.

Pwani Flats
Salamu kutoka Mombasa. Nyumba Kumi yetu ilianza 2013, jina tuliliazima kwenu. Si lazima ziwe kumi. Ploti moja au ghorofa moja yatosha. Kazi yake ni kujuana na kupeleka habari kwa chifu na polisi, si kukamata. Mlinzi hawezi kumtambua mgeni ikiwa hamwajui hata wapangaji.

Nyumba ya Kona
Shukrani sana. Kundi la WhatsApp tunalo, lakini limejaa salamu na matangazo ya maandazi. Na picha za wanaoshukiwa turushe?

Karani wa Mtaa
Maandazi yabaki huko huko, watu wanakula. Fungueni la pili la dharura tupu, ambamo kamati na wa zamu pekee wanaandika. Ujumbe uwe na mambo manne: nini, wapi, muonekano, anaelekea wapi. "Wawili, pikipiki nyekundu bila namba, nyuma ya msikiti, wanaelekea bondeni." Sauti ya dakika tatu hakuna anayeisikiliza usiku.

Picha mpelekee polisi kata, kundini hapana. Ukimkosea mtu, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kabla ya sheria kuna umati.

Kuhusu dira: pitieni wanunuzi wa vyuma chakavu wa jirani mkiwa na polisi kata, wakubali kuandika jina na namba ya kitambulisho cha kila anayeuza. Simu nazo, kila mtu apige *#06# leo na kuandika IMEI (namba ya utambulisho wa simu) daftarini, si ndani ya simu ileile.