Naomba ushauri: nimrukishe mpwa wangu misimu ya mwanzo ya Enterprise?

Habarini za jioni wapenzi wa hadithi za anga. Niko Mombasa, Tudor. Mpwa wangu wa miaka 14 ameniomba tutazame Star Trek kila Ijumaa usiku, tukaanza na mfululizo wake wa Enterprise wa 2001 hadi 2005, kwa kuwa kisa chake kinatangulia enzi za Kapteni Kirk, shujaa wa Star Trek ya kwanza kabisa, kwa takriban miaka 100.

Mimi naipenda sana. Kapteni Archer na wenzake ni wageni kwelikweli katika safari za anga: wanaiogopa ile mashine ya kusafirisha watu, na Wavulkani, viumbe wa sayari nyingine, wanawaona kama watoto. Lakini misimu 2 ya kwanza inajikokota. Ijumaa iliyopita kijana alisinzia kochini, sahani ya viazi karai mapajani.

Utamu uko mbele: msimu wa 3 wanapowasaka Waxindi walioishambulia Dunia, na hasa wa 4, wenye visa vya vipindi viwili vitatu. (Kipindi cha mwisho kiliniuma, Riker na Troi, wahusika wa mfululizo mwingine wa Star Trek, wamempokonya Archer kwaheri yake.)

Je, turuke moja kwa moja, au tuchague vipindi vichache vya mwanzo? Vipindi gani hasa? Vya Shran, yule Muandoria mwenye ngozi ya buluu, siviachi.