Bermeo, Hispania: huu mji unakula nini?

baharia_likoni:
Wakuu salaam. Nilikuwa bandari ya Victoria pale Shelisheli nikaona meli kubwa za jodari zimefunga gati, nyuma zimeandikwa BERMEO. Kugugo nakuta ni kamji ka Wabaski huko Hispania, watu kama elfu 17 tu. Sasa meli zinavua huku kwetu, mzigo unashushwa Shelisheli, nyumbani kwao kunabaki nini zaidi ya jina?

chuma_chakavu:
Zinabaki ofisi mkuu, na ofisi ndo zenye hela. Kampuni kama Echebastar makao yake hapohapo Bermeo, makapteni na mainjinia wengi ni Wahispania, wanapishana kwa zamu za miezi na mshahara unaingia kwao, ila huku deki utakuta Wasenegali, Waghana, watu wa Madagaska. Ile meli ya Alakrana iliyotekwa na maharamia Wasomali Oktoba 2009 na watu 36 ndani ilikuwa ya hawa hawa, familia ziliandamana mtaani mpaka ikaachiwa Novemba, na hela ya kuikomboa ilitoka.

mama_dagaa:
Nyie mnaona meli kubwa tu. Kuna maboti ya kwao yanavua palepale Ghuba ya Biscay, masika dagaa wanaowaita anchoa, kiangazi jodari mweupe kwa ndoana na chambo hai. Anchoa wanapangwa na chumvi kwenye mapipa wanakaa miezi, halafu kinamama wanamsafisha mmoja mmoja kwa mkono, ngozi, mwiba, wanamlaza kwenye mafuta. Ndo maana kikopo kidogo bei yake inauma. Na nyavu gatini wanashona wanawake, malipo yao ni kidogo kuliko wanavyostahili. Mwaka 2005 samaki akaisha wakafunga uvuvi wa anchoa mpaka 2010, hapo ndo ujue mji ulilia.

mpita_njia:
Siku hizi kuna watalii pia. Gaztelugatxe, kale kakanisa juu ya jiwe baharini, ngazi 241, iko ndani ya Bermeo. Ilipotokea kwenye ile tamthilia ya TV Game of Thrones 2017 watu wakafurika, sasa msimu wa watalii unakata tiketi ya bure kwanza. Ila wengi wanapiga picha wanarudi Bilbao jioni, hata chakula hawali.

baharia_likoni:
Haya nimeelewa. Kwa hiyo jodari ni wetu, deki ni sisi, hesabu inafungwa Bermeo. Na sisi Likoni tuna bahari ileile, mbona kampuni ya meli kama hizo hatuna hata moja?

chuma_chakavu:
Meli moja ni mamilioni ya yuro mkuu, benki gani ya hapo inakukopesha?