Kuota huku unajua unaota: tupeane uzoefu

Kijana wa Ngarenaro: Wakuu, jana nimeota niko Mnara wa Saa nasubiri kifodi cha Sakina. Natazama saa, saa nne. Nikampisha muuza karanga, kutazama tena, saa kumi na moja! Nikajua hii ndoto, nikaamka hapohapo kwa furaha. Ni matunda ya mazoezi: wiki tatu nzima kabla ya hapo kila nikipita pale naitazama saa mara mbili. Waliofaulu, mnabakije ndani?

Wa Pasua: Ikianza kufifia sugua viganja. Kwangu inakubali.

Binti Kiboriloni: Mimi niliacha. Nilitega alamu saa kumi usiku, maana ndoto ndefu huja alfajiri. Nikaamka, nikakaa nusu saa, nikarudi kulala chali. Mara macho yako wazi, naliona dirisha, namsikia bibi anakohoa chumba cha pili, ila hata kidole hakisogei. Kitu kimenikalia kifuani. Namwita bibi, sauti haitoki. Mlango ukaanza kufunguka taratibu. Nilijua nakufa, na bibi atanikuta asubuhi akija kuniamsha tukakate majani ya ng'ombe. Nilipoweza kutikisa kidole gumba cha mguu yote yakakatika. Nililala kwa bibi siku nne, na nina miaka 26.

Sanawari: Jinamizi hilo. Lilishanikaba.

Mtumishi: Mnafungulia mapepo mlango. Ombeni kwanza.

Nesi wa Njiro: Kuomba ni vizuri, lakini usimtishe binti. Tukiota ubongo hufunga misuli tusirukeruke kitandani. Akili ikitangulia kuamka, ndiyo hiyo.

Mtumishi: Na anayefungua mlango ni msuli?

Nesi wa Njiro: Ni ndoto ambayo haijaisha, mkuu. Misuli ya macho haifungwi, ndiyo maana 1975 kule Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alipokea ishara za macho kutoka kwa mtu aliyelala fofofo na anajua anaota.

Wa Pasua: Lala chali, ndiyo inakuja haraka.

Sanawari: Usithubutu chali! Na mtori mzito usiku acha.

Mama Kibosho: Mimi namtafuta marehemu baba. Juzi nilimwona mgombani, nikajua kabisa naota, nikamkimbilia nimshike mkono. Nikaamka.

Kijana wa Ngarenaro: Pole mama. Safari ijayo usikimbie. Simama, sugua viganja, mwache aje yeye.

Binti Kiboriloni: Na ulale ubavu, mama.