Je, kuchubua uso kwa asidi kunafaa ngozi nyeusi?

Mwalimu wa Ntinda:

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Chunusi zangu za mashavuni zimepungua sana tangu nilipotibiwa, lakini zimeniachia madoa meusi yasiyotaka kuondoka. Wiki iliyopita, katika saluni moja hapa Kampala, msusi aliniambia kwamba angenipaka asidi ya glikoliki ya asilimia 70 na madoa yote yangetoka kwa siku moja. Chupa aliyonionyesha haikuwa na lebo ila kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu. Nilikataa kwa adabu, lakini hadi leo najiuliza: je, huku si kujichubua kule kule tunakowakanya wanafunzi wetu? Na kama sivyo, ngozi nyeusi kama yangu inastahimili?

Muuguzi wa Mbarara:

Dada Mwalimu, ulifanya vyema kukataa. Kinachotuchanganya hapa ni neno lenyewe. Kujichubua tunakokujua mitaani ni kupaka mkorogo wenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kila siku, ili melanini, yaani kile kinachoipa ngozi rangi, ipungue na mtu awe mweupe. Katika tiba unayoiulizia, asidi hukaa usoni kwa dakika chache tu, ikalegeza kile kinachozishikanisha seli zilizokufa za tabaka la juu. Tabaka hilo hubanduka kwa siku kadhaa na ngozi mpya huchukua nafasi yake. Lengo ni doa lilingane na rangi uliyozaliwa nayo, wala si kuibadili rangi hiyo.

Jambo kubwa ni kina. Salisiliki ya asilimia 20 hadi 30, au glikoliki isiyo kali, hufanya kazi juu juu. Asidi ya traikloroasetiki ya asilimia 35 hushuka zaidi, na inapopakwa ngozi hugeuka nyeupe kwa sababu protini zake zinaganda, kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni. Fenoli huenda chini kabisa na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ngozi yetu inapoungua, seli zake zinazotengeneza melanini huchachamaa, kwa hiyo asidi iliyozama mno huweza kukuachia doa jeusi kuliko lile ulilotaka kuliondoa, au hata kovu. Ndiyo maana sisi hushauriwa tubaki na zile za juu juu.

Kwa mwenye chunusi, mimi napendelea salisiliki, kwa kuwa huyeyuka katika mafuta na kupenya vinyweleo. Ikikauka huacha unga mweupe usoni, nayo haihitaji kuzimuliwa. Glikoliki huendelea kula ngozi mpaka izimuliwe kwa maji ya magadi soda. Kumwanzishia mtu asilimia 70 siku ya kwanza, tena kutoka chupa isiyo na lebo, ni kumchezea uso.

Mama wa Jinja:

Naomba niongeze yaliyonipata mwenyewe. Nilinunua chupa ya glikoliki dukani, nikajipaka jikoni huku nikitazama saa ya ukutani. Ilipofika dakika ya tatu shavu la kushoto liliwaka kama lililopakwa pilipili, nami nikajiambia kwamba kuwaka ndiko kufanya kazi, nikavumilia mpaka ya nane. Kesho yake nilienda sokoni saa sita mchana bila kofia wala krimu ya kuzuia jua. Ngozi ilipobanduka, chini yake palikuwa na doa la ukubwa wa sarafu, na ilinichukua karibu mwaka mzima lififie.

Mwalimu wa Ntinda:

Pole sana, mama, na ahsante kwa kutueleza. Dada muuguzi, nikienda kwa daktari wa ngozi, nitarajie nini?

Muuguzi wa Mbarara:

Tarajia kwanza kusubiri. Kwa kawaida ngozi huandaliwa kwa wiki mbili hadi nne kwa krimu ya usiku, mara nyingi tretinoini, ambayo husimamishwa siku chache kabla ya asidi. Usishangae ukiandikiwa hata haidrokwinoni: ni ile ile inayokatazwa katika vipodozi, lakini hapa hutolewa kwa kipimo na kwa muda maalumu. Asidi yenyewe hurudiwa mara kadhaa kila baada ya wiki mbili hadi nne, kwa hiyo ahadi ya siku moja haina msingi. Mweleze daktari ikiwa una mimba, unameza isotretinoini (dawa ya vidonge ya chunusi), makovu yako huvimba, au hutokwa na malengelenge ya midomo, kwa maana asidi inaweza kuyaamsha.

Baada ya hapo usibandue magamba kwa kucha, na paka krimu ya kuzuia jua ya kiwango (SPF) cha 30 au zaidi hata siku ya mawingu. Ikweta yenyewe inapita Kayabwe, mwendo mfupi tu kutoka kwako. Jua letu halina msimu wa kupumzika. Kama krimu hiyo huimudu kwa miezi yote ya matibabu, afadhali uahirishe asidi na uanze na tretinoini peke yake, ukivaa kofia pana.