Masta ya kompyuta au kiwanja cha Uyole? Niko Mbeya, nishaurini

binti_mbeya
Mugonile wakuu. Nina digrii ya uhandisi wa kompyuta ya MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, GPA (wastani wa alama) 3.6 kati ya 5. Ni miaka kadhaa sasa niko kwenye kampuni ndogo hapa mjini, tunatengeneza mifumo ya vyama vya ushirika. Ule wa mizani ya kahawa huko Mbozi niliuandika mimi: karani anapima, mkulima anapata ujumbe kwenye kitochi chake hapo hapo. Mtandao ukikata, simu ya karani inatunza kila kitu mpaka urudi. Hilo la mtandao kukata liliniumiza kichwa msimu mzima, na chuoni hakuna somo lililoligusa.

Sasa niliomba kazi benki moja Dar, tangazo likasema masta "itakuwa sifa ya ziada". Sikuitwa hata usaili. Baba, mwalimu mstaafu, kalishikilia hilo: nikasome, na nusu ya ada atatoa yeye. Mama anasema akiba yangu ninunue kiwanja Uyole kabla bei haijapanda tena.

Ninachotaka mimi ni kimoja kati ya viwili: kufundisha chuo kikuu, au kufanyia kazi kampuni ya nje nikiwa hapa hapa Mbeya, maana joto la Dar siliwezi. Masta itanifikisha wapi?

mzee_wa_seva
Kamwene dada. Niko Iringa, masta ninayo. Kampuni za nje nilizofanya nazo hakuna iliyoniuliza cheti. Walinipa kazi ya majaribio, kisha jamaa akanikalisha kwenye video kunihoji kwa nini nimeandika hivi na si vile. Habari ya mizani yako ndiyo wanayotaka kuisikia. Iandike kwa Kiingereza, kurasa mbili, na mchoro wa mfumo. (Bosi aridhie kwanza.)

Masta yenyewe, mwaka wa kwanza ni masomo na mitihani, unapita. Wa pili ni tasnifu, na hapo ndipo watu wanakwama. Msimamizi anakaa na sura yako ya tatu mpaka unasahau ulichoandika. Darasani kwetu wengi miaka miwili ilizaa mitatu, na muda wa nyongeza unalipiwa.

jirani_wa_forest
Jamani, hiyo GPA hamjaiona? Vyuo vikuu vya umma, mhadhiri msaidizi anatakiwa awe na 3.8 kwenye digrii ya kwanza NA 4.0 kwenye masta. Ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome matangazo. 3.6 ni daraja la pili la juu, si haba, lakini masta haiibadilishi, hata uipate kwa 5 kavu. Kwangu mimi ni sharti la ovyo, mtu anabebeshwa matokeo ya mwaka wa kwanza maisha yake yote, ila ndivyo lilivyo. Vyuo vya kati ni habari nyingine, huko wenye digrii moja wanafundisha.

Na kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo, ukiacha kazi yale makato ya asilimia 15 ya mshahara yanasimama, deni linabaki pale pale.

ua_la_kitulo
Kama lazima usome, soma kwa hela ya mwingine. Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani, wana tawi Kigali tangu 2011, na Mastercard Foundation inafadhili wanafunzi pale. Kigali hakuna joto la Dar 😄. Chevening, ufadhili wa masta wa serikali ya Uingereza, ni mwaka mmoja, wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, nadhani umeshazipita, ila ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Hutaki kuhama? Georgia Tech, chuo kingine cha Marekani, wana masta ya kompyuta ya mtandaoni tangu 2014, ada yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kukaa chuoni kwao. Ila utasoma usiku, na umeme wa huko kwenu unaujua.

binti_mbeya
Hiyo ya 3.8 sikuwa nayo kabisa. Nimeingia kwenye matangazo, kweli imeandikwa. Baba nitampelekea tangazo lenyewe avae miwani asome, nikimwambia kwa mdomo atasema natafuta visingizio. Kigali nitaomba, nikikosa sijapoteza ada ya mtu. Kiwanja bado: mama kaoneshwa na dalali, hati hakuna aliyeiona.

@mzee_wa_seva, hizo kurasa mbili nikiziandika utanipitishia macho?

mzee_wa_seva
Tuma. Na weka namba: mizani mingapi, wakulima wangapi, mtandao ulikaa muda gani bila kurudi na hakuna kilo iliyopotea. Bila namba hawamalizi hata ukurasa wa kwanza.