Naomba ushauri: kamera za shule zinanishinda

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, na kwa sababu hiyo tu nimekabidhiwa kamera 16 za shule nizitunze. Fundi aliyezifunga hapatikani tena.

Wiki iliyopita dirisha la maabara lilivunjwa usiku. Mkuu akaniita, nikafungua rekoda (mashine inayohifadhi video za kamera) kwa kujiamini kabisa, kumbe saa yake iko nyuma dakika 47! Tulipoipata ile video, utando wa buibui umetanda mbele ya lenzi, unameremeta kwa taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, unaoisaidia kamera kuona gizani), picha nzima nyeupe. Mtu kapita kama kivuli. Wadudu wanaizunguka kamera, buibui naye anafuata wadudu. Nikifuta leo, keshokutwa karudi.

Jingine ni diski ya rekoda. Ni ya terabaiti (TB) 4, na kila kamera inakula kama megabiti 2 kwa sekunde, hivyo baada ya siku 11 hivi video za zamani zinafutwa. Malalamiko ya wazazi mara nyingi huja baada ya wiki tatu. Nikiziweka kamera zirekodi pale tu kitu kinaposogea, kuna tukio litanipita? Au ninunue diski kubwa?

Halafu kamera ya getini hukatika kila mvua ikinyesha. Nashuku kiungio cha waya kimeingia maji, kina kutu ya kijani.

Nenosiri bado ni lile la kiwandani (msinicheke, nalibadilisha leo). Wenye uzoefu, buibui mnawafukuzaje bila kuharibu lenzi? Na diski mnazikagua kila baada ya muda gani?